Komeo la Mlango wa Kuba

Kwenye kwaya walimwita Kengele, na jina hilo hakulipata kwa siku moja. Aliimba sauti ya kwanza miaka kumi na moja, mstari wa mbele, kiangazi na masika, ndipo mtu mmoja akamwita hivyo na wengine wakafuata. Wifi yake, mke wa mdogo wake wa kiume, aliingia kwaya mwezi wa pili, na mwezi wa tatu haujaisha wakawa wameshampa jina. Chiriku.

Hilo lilikuwa la kwanza kumkwama kooni. La pili ni kwamba aliyemleta Chiriku kwaya ni Kengele mwenyewe. Alimsikia akiimba huku anasugua masufuria, siku aliyokwenda kumtembelea mdogo wake, akasema kwa moyo mweupe kabisa, "Wifi, sauti yote hii unayaimbia masufuria? Njoo kwaya Jumamosi." Akampa na sare yake ya zamani, akaibana mwenyewe kiunoni kwa uzi wa rangi ileile. Laiti angejua, angeyaacha masufuria yajifaidie.

Siku za kazi Kengele alikuwa kwenye kiwanda cha kufulia nguo za hoteli, kitengo cha pasi. Pasi yenyewe ilikuwa roli mbili ndefu za moto. Yeye na mwenzake walishika shuka kila mmoja pembe yake, wakaliingiza upande huu, likatoka upande wa pili limenyooka kama karatasi. Mashuka mia nne kwa zamu. Miaka ishirini ya mvuke na sabuni ilikuwa imemwachia kikohozi kikavu cha asubuhi, na kikohozi hicho alimficha kila mtu, wa kwanza kabisa Mwalimu wa kwaya.

Basi ikaja barua kutoka basilika, ile ya zamani iliyoko juu ya kilima, inayotazama bahari. Kanisa lilikuwa linatimiza miaka mia moja na hamsini, na kwaya za parokia zilialikwa kwenda kuimba, kila Jumapili kwaya moja. Mwalimu hakulala. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, fundi wa kupima miwani kwa kazi yake, na kila jambo alilitazama kwa jicho moja kana kwamba linahitaji lenzi. Akatunga wimbo mpya wa beti tatu, kila ubeti uimbwe na mtu mmoja, kisha kwaya nzima iitikie. Karatasi zilipogawiwa, Kengele hakusoma hata jina lililoandikwa juu. Alianza kuusoma ubeti wa kwanza kwa midomo tu, bila sauti, kama mtu anayeonja mchuzi wake mwenyewe.

"Beti zote tatu ataimba Chiriku," Mwalimu akasema.

Mtu mmoja wa sauti ya nne akakohoa.

Walipotawanyika, Kengele alibaki akikunja viti ambavyo si zamu yake kuvikunja. "Mwalimu, nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, Kengele. Sauti yako ni nguzo ya kwaya hii. Ila imekomaa. Wimbo huu unataka sauti nyepesi."

Imekomaa. Neno hilo alikwenda nalo nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo, akalipitisha kwenye roli za moto pamoja na mashuka, na halikunyooka. Wifi yake alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Yeye hamsini na miwili. Kila Jumamosi kwa miezi minne alisimama bega kwa bega na Chiriku, akaitikia, akatabasamu, akampa maji ya uvuguvugu kwenye chupa yake. "Asante wifi," Chiriku alisema kila mara, na alimaanisha. Hapo ndipo palipouma zaidi. Angekuwa na maringo, Kengele angepata pa kumshika. Lakini hana hili wala lile! Anauza dawa dukani kutwa, anakuja mazoezini na koti lake jeupe begani, anafungua mdomo, watu wanafumba macho.

Siku ikafika. Basi liliwashusha chini ya kilima, maana gari kubwa halikuweza kupita kwenye kona za juu, na kutoka hapo wakapanda ngazi za mawe zilizolika katikati kwa miguu ya watu. Mwalimu alitembea mbele na kinanda chake kidogo kimefungwa shuka. Wenye magoti mabovu wakapumzika kila kituo cha Njia ya Msalaba, wakijifanya wanasali. Kengele hakupumzika. Alipanda akimtazama Chiriku mgongoni, akiona uzi wake mwenyewe ulivyoishika ile sare kiunoni, na kila ngazi moja alijiuliza kwa nini alishona vizuri vile.

Juu, upepo uliwapokea kwa makofi. Basilika ilisimama peke yake, mawe yake yamekuwa rangi ya biskuti kwa chumvi na jua, na kuba lake la bluu lilionekana kama limewekwa juu na mkono wa mtu makini. Chini, upande wa pili wa ukuta, bahari ilikuwa imejaa hadi mwisho wa macho. Meli ya mizigo ilionekana kama punje. Ndani kulikuwa na ubaridi, harufu ya nta na mbao za zamani, na ukutani vibao vidogo vya marumaru vya watu walioshukuru, mamia kwa mamia, hadi karibu na dari. *Nimepona. Amerudi salama. Nimepata mtoto.* Kengele alivisoma vichache, akajikuta anatafuta cha mtu aliyeshukuru kwa kumshinda mwenzake. Hakukiona.

Sista mnene mwenye shada la funguo kiunoni ndiye aliyewatembeza. Misa ilikuwa saa nne, na sasa ilikuwa saa tatu na ushee.

"Wanaotaka kuona kuba kwa karibu wapande sasa," akasema. "Ngazi ni mia na ishirini. Juu kuna mlango, mkiupita mtakuta ujia unaozunguka kuba kwa ndani, na hapo mtaliona kanisa lote chini yenu. Pembeni kuna kimlango cha kutokea nje, kwenye bahari. Sharti langu ni moja. Wa mwisho kushuka afunge komeo la mlango wa ngazi. Usipofungwa, upepo unaupigapiga hadi padri hasikiki."

Wakapanda wanawake wanane. Chiriku alikuwa anaogopa vimo. Alipofika kwenye ule ujia akaushika ukingo wa chuma kwa mikono miwili, akatazama chini, akaona mabenchi madogo kama njiti za kiberiti.

"Nipe mkono," Kengele akasema. "Usitazame chini. Nitazame mimi." Akamvuta polepole hadi kimlango cha nje, akamtoa. Hakujua kwa nini alifanya hivyo. Pengine ni mazoea tu, alikuwa amewalea wadogo zake wanne.

Nje Chiriku akaegemea ukuta, akapumua, kisha uso ukamfunguka. "Wifi! Tazama! Mungu wangu, tazama!" Machozi yakamlenga.

Wenzao waliangalia, wakapiga picha, wakaanza kushuka mmojammoja. Wakabaki wao wawili.

"Twende, tutachelewa kujipanga," Kengele akasema.

"Tangulia wifi, nakuja. Dakika moja tu."

Kengele akaingia ndani. Alikuwa ameshafika kwenye mlango wa ngazi aliposikia sauti. Chiriku, mgongo ukutani, macho ameyafumba, alikuwa anauimbia upepo ule ubeti wa kwanza, taratibu, kama mtu anayejisemea. Hakuwa anamwimbia mtu. Na ilikuwa nzuri kuliko siku zote za mazoezi. Noti ya juu, ile ambayo Kengele alikuwa anaifikia kwa kujikaza shingo, Chiriku aliichuma tu kama anachuma ua.

Kengele akavuka mlango. Akauvuta. Mkono wake ukashika komeo la chuma, la baridi, lililopakwa mafuta vizuri, na mkono ukasubiri kidogo, kama unaomba ruhusa. Kisha ukalisukuma. Halikutoa hata mlio.

Alishuka ngazi mia na ishirini bila kuhesabu hata moja. Chini, Sista alikuwa na ufunguo tayari.

"Wameshuka wote?"

"Wote, Sista."

Sista akafunga mlango wa chini, akaenda kuwasha mishumaa.

Kwenye chumba cha kujiandalia Mwalimu alikuwa anahesabu watu kwa kidole. "Chiriku yuko wapi?"

"Nilimwacha anaelekea msalani," Kengele akasema. Uongo wa kwanza ulikuwa umemtoa jasho, huu wa pili ulitoka mkavu kabisa. Wakasubiri. Mtu akatumwa msalani akarudi mikono mitupu. Simu ya Chiriku ikapigwa, ikaita ndani ya mkoba wake hapohapo mezani. Kinanda kikubwa cha kanisa kikaanza kunguruma, kwa nguvu hata vioo vya madirisha vikatetemeka, na mapadri wakajipanga mlangoni.

Mwalimu akafuta uso kwa kitambaa. "Kengele, shika wewe."

Maneno matatu. Aliyasubiri miezi minne. Alidhani yangekuwa matamu.

Wakati wa wimbo ulipofika, kanisa lilikuwa limejaa hadi watu wanasimama kwenye nguzo. Kengele akapiga hatua moja mbele. Akavuta pumzi kutoka tumboni, akafungua mdomo, na sauti ikatoka, Mungu shahidi, ikatoka safi. Hakukohoa. Hakukaza shingo. Sauti ilipanda, ikaligusa kuba, ikarudi baada ya kitambo ikiwa imeongezeka uzito, na yeye akaisikia ikirudi akajua kwamba hajawahi kuimba hivi maishani mwake. Kwa ubeti mmoja mzima hakumwonea mtu wivu. Hakumkumbuka hata wifi yake. Kwaya ikaitikia nyuma yake kama wimbi.

Akajiandaa kwa ubeti wa pili. Mwalimu akainua mkono. Na kabla Kengele hajafungua mdomo, ubeti wa pili ukaanza wenyewe.

Ulitoka juu. Sauti nyembamba, nyepesi, haina mahali, ikishuka kutoka kwenye lile bluu kana kwamba kuba lenyewe limeamua kuimba. Watu elfu moja wakainua vichwa kwa pamoja. Bibi mmoja benchi la mbele akapiga ishara ya msalaba. Paroko akashika kingo za altare, mdomo wazi. Mwalimu mkono ulimgandia hewani, jicho lake moja likapepesa, kisha, kwa kuwa alikuwa mwalimu wa kwaya kabla ya kuwa kitu kingine chochote, akaendelea kupiga mapigo, na kwaya ikaitikia pale ilipopaswa.

Kengele alisimama mbele ya watu wote na mdomo wake umefunguka nusu. Hakuna aliyemtazama.

Ukabaki ubeti wa tatu. Akamgeukia Mwalimu, akamwomba kwa macho. Mwalimu akamwona. Hakika alimwona. Kisha akanyoosha kidole chake kirefu, akaelekeza juu.

Baada ya misa Sista alipanda akihema, akarudi amemshika Chiriku mkono. Chiriku alikuwa mweupe mdomoni kwa vumbi. Watu wakamzunguka kama nyuki. Alisema jambo moja tu, na kila aliyemuuliza akamjibu hivyohivyo, "Upepo ulifunga mlango. Niligonga, kinanda kikawa kinapiga. Misa ilipoanza nikaona haya kupiga kelele. Nikasema nikiimba watajua nilipo."

Paroko alikuwa anamtikisa Mwalimu mkono hadi bega. "Wazo hili la sauti kubani mlilipata wapi?"

"Tulilifanyia kazi kwa muda," Mwalimu akajibu bila aibu.

Kengele aligeuka aondoke, akakutana uso kwa uso na Sista. Funguo zilikuwa zimetulia mkononi mwake. Hakupandisha sauti.

"Uliniambia wote."

Sista akaenda kuzima mishumaa.

Wenzake walikaa kwenye nyasi wakila mikate waliyofungasha, wakisimuliana tukio ambalo wote walilishuhudia. Yeye akaenda kwenye ukuta unaotazama bahari. Moyoni alitegemea kukuta majuto. Alichokikuta ni kijicho kilekile, sasa kimenenepa. Hata kufungiwa, kumbe, kwa wengine ni bahati. Angefungiwa yeye kule juu angesahaulika hadi Jumapili nyingine!

Hatua zikaja nyuma yake. Chiriku akaegemea ukuta, lakini si karibu, na hakutazama chini.

"Komeo liko upande wa ngazi," Chiriku akasema. "Upepo hauna mkono wa kulisukuma."

"Wifi..."

"Nilikuwa nimeshamaliza kuimba. Niliingia ndani nikasikia mlango unavutwa. Kisha kimya. Ukasimama pale, wifi. Nilikusikia umesimama. Nikasema atafungua. Halafu nikasikia miguu inashuka."

Kengele akashika jiwe la ukuta. "Nilifunga mimi. Sikupanga. Lakini nilifunga, na Sista akaniuliza, nikamwambia mmeshuka wote."

"Unajua ninavyoogopa vimo. Wewe ndiye uliyenishika mkono." Sauti ya Chiriku ikapasuka kwa mara ya kwanza siku ile. "Nilikaa chini, nikakumbatia kile chuma kama mtoto. Na unajua kilichoniuma kuliko vyote? Nilikusikia ukiimba. Niko pale, nalia, nikakusikia ule ubeti wote, nikajiuliza, mtu anayeimba hivi alikuwa na haja gani ya kunifungia?"

Kengele hakuweza kumtazama. Aibu ilimpanda hadi masikioni, na katikati ya aibu hiyo, jambo ambalo hakumsimulia mtu yeyote baadaye, sifa ile ilimwingia tamu. Akajichukia kwa kuinywa.

"Nisamehe, wifi."

"Leo siwezi. Usinilazimishe." Chiriku akajifuta pua kwa mkono wa sare. "Kwaya nimeshawaambia ni upepo, na itabaki upepo. Sikufanya kwa ajili yako, sitaki tu watu waiseme familia yetu. Lakini mume wangu sitamdanganya. Utamwambia wewe. Kwa mdomo wako."

Jumatatu alipotoka zamu, nywele zikiwa bado na unyevu wa mvuke, Kengele alikwenda kwa mdogo wake. Mdogo wake alikuwa fundi wa lifti, mtu wa mizaha, na maisha yake yote alikuwa anawatoa watu waliokwama. Alimkuta amekaa kibarazani anasafisha bisibisi zake. Akamweleza yote, kuanzia neno "imekomaa" hadi komeo. Mwanzoni mdogo wake alicheka, akidhani kuna utani mwishoni. Utani ulipokosa kufika, akaacha kucheka.

"Dada, mimi kila wiki nawafungulia watu milango," akasema. "Nazijua sura wanazotoka nazo. Mke wangu alirudi jana na sura hiyo, akaniambia niulize kwako."

"Nimekuja kusema."

"Umesema." Akafunga boksi lake la vifaa. "Nakupenda, wewe ndiye uliyenilea. Lakini usije hapa kwa muda. Nitakuita mimi."

Wiki tatu zikapita hajaitwa. Kengele alikwenda kazini, akaingiza mashuka kwenye roli, akarudi. Kwaya alikwenda pia, kwa kujikaza kisabuni, kwa sababu asingekwenda wangeuliza. Chiriku alimsalimia mbele za watu, wakiwa wawili hakutia neno. Kiti kimoja kilibaki kitupu kati yao.

Jumamosi ya nne Mwalimu akaingia na barua mkononi, jicho linamng'aa. Paroko wa basilika alitaka warudi mwezi ujao, na alitaka wimbo uleule, uimbwe vilevile. Ubeti wa kwanza chini, ubeti wa pili na wa tatu juu kubani.

"Hivyo nyinyi wawili," Mwalimu akasema, "mtafanya mazoezi pamoja."

Wanakwaya wakapiga makofi. Kengele akahesabu haraka, kama kawaida yake siku hizi. Yeye ubeti mmoja, mwenzake beti mbili. Mwenzake juu, yeye chini. Donge likamjaa palepale, zima, kama halijawahi kuondoka.

"Nani atapanda na mimi kule juu?" Chiriku akauliza. Hakumtazama Kengele.

"Sista mwenyewe atakaa na wewe. Ameandika humu. Funguo zote atakuwa nazo yeye."

Wengine walipotoka kwenda kunywa maji, wakabaki wao wawili na karatasi zao. Chiriku akaimba ubeti wa tatu. Aliimba vizuri, lakini kabla ya noti ya juu akavuta pumzi katikati ya neno, neno likakatika. Akarudia. Likakatika tena. Akakunja uso, hakujua tatizo liko wapi.

Kengele alilijua. Alilijua tangu mazoezi ya kwanza, miezi mitano iliyopita, na akalinyamazia, kwa sababu lilikuwa kosa pekee alilokuwa nalo Chiriku, na alilitunza kama mtu anavyotunza akiba. Mtu aliyeimba zaidi ya miaka kumi na moja anajua pumzi huwekwa wapi. Mwalimu mwenyewe hakuwa amegundua. Angeweza kuendelea kunyamaza, na hakuna Sista ambaye angekuja kumuuliza.

Akageuza karatasi yake. Akaigeuza tena.

"Pumzi," akasema.

Chiriku akainua uso. "Nini?"

"Unavuta pumzi ukiwa umeshachelewa. Vuta hapa, mwisho wa mstari, hata kama unaona bado unayo. Ijaze. Halafu usiiguse tena mpaka umalize." Kidole chake kilikuwa kwenye karatasi ya wifi yake, na ilimbidi asogee kiti kimoja ili kifike.

Chiriku akaitazama ile sehemu. Akachukua penseli, akaweka alama. Akajaribu.

Neno likapita zima, noti ikafuata, nyepesi, haina kasoro yoyote sasa, na chumba kikajaa. Kengele akaisikiliza hadi ikaisha. Ilimuuma kama jino linalong'olewa.

"Tena," akasema. "Kutoka mwanzo wa mstari."